Mwalimu wa Kike wa Kijijini Katika Uingereza ya Malkia Victoria: Kazi, Ukoo na Nyumba ya Shule

Mwanzoni mwa mwaka 1863, binti wa miaka 21 aitwaye Mary Hardy alikabidhiwa shule ndogo ya kanisa katika kijiji cha Denchworth, karibu na mji wa Wantage, kusini mwa Uingereza. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo cha ualimu. Kazi yake haikuishia darasani, kwa kuwa kila Jumapili alitakiwa kupiga kinanda kanisani. Wala hakuishi huko peke yake: mdogo wake Katharine, ambaye nyumbani walimwita Kate na ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, alikuja kukaa naye na kusoma katika shule hiyohiyo. Miaka 14 baadaye, Kate naye aliingia chuo kilekile alichosomea dada yake.

Tunawajua dada hawa kwa undani kwa sababu kaka yao, Thomas Hardy, alikuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya na mashairi nchini mwake, na watafiti wa maisha yake wakahifadhi barua, picha na kumbukumbu za ukoo mzima. Maelfu ya walimu wenzao wa zama za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, waliacha saini tu katika vitabu vya shule. Ndiyo maana nimeuchagua ukoo wa Hardy kuwa dirisha la kuwatazamia wengine. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mwalimu wa kike wa kijijini haeleweki tukimtazama kama mwajiriwa mmoja anayepokea mshahara wake. Familia ndiyo iliyomwezesha kufika pale, kanisa likamwajiri, serikali ikagharimia sehemu ya ujira wake, na mwishowe, kwa wengi wao, familia ileile ndiyo iliyomtegemea au kumpokea alipochoka. Nyuzi hizi nne zimesokotana, na hapa nitajaribu kuzifumua. Nazungumzia England na Wales peke yake, maana Uskoti ilikuwa na utaratibu wake tofauti wa shule.

Tuanze nyumbani. Baba yao, naye akiitwa Thomas, alikuwa mwashi na mjenzi mdogo katika kitongoji cha Higher Bockhampton, mkoani Dorset, ambako familia iliishi katika nyumba iliyoezekwa kwa mabua. Mama yao, Jemima Hand, alizaliwa mwaka 1813 katika ufukara wa kweli. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na mjane aliyeachwa na watoto saba akalazimika kuishi kwa posho ya maskini iliyotolewa na parokia. Jemima alianza kutumika katika nyumba za watu akiwa mdogo, akaendelea na utumishi huo hadi alipoolewa Desemba 1839. Mama wa aina hii, aliyejua kwa mwili wake maana ya kuamka alfajiri kuwasha moto wa watu wengine, ndiye aliyewaelekeza mabinti zake wawili kwenye ualimu. Sioni kama hilo lilitokea kwa bahati. Kwa msichana wa kijijini wa wakati ule njia kuu ya kujipatia riziki ilikuwa utumishi wa nyumbani, na ualimu ulikuwa miongoni mwa njia chache sana zilizomtoa huko bila kumtupa kiwandani au mjini bila mlezi.

Lakini njia hiyo haikuwa wazi kwa kila mtu. Kibarua wa shambani huko Dorset, mojawapo ya mikoa yenye ujira duni kuliko yote nchini, alipata katika miaka ya 1860 takriban shilingi 8 hadi 10 kwa wiki (shilingi 20 zilikuwa pauni moja, na peni 12 shilingi moja), na familia yake ilihitaji senti ya kila mtoto aliyeweza kufukuza ndege shambani au kulea mdogo wake ili mama aende kibaruani. Msichana wa nyumba kama hiyo aliacha shule mapema mno. Walioweza kusubiri walikuwa watoto wa mafundi: waashi, maseremala, wahunzi, washona viatu, wenye maduka madogo, na watoto wa walimu wenyewe. Binamu yao Mary na Kate, Tryphena Sparks, binti ya mama yao mkubwa Maria, alikuwa mtoto wa seremala wa samani katika kijiji cha Puddletown, na alipita njia hiyohiyo.

Njia yenyewe iliwekwa na serikali mwaka 1846, chini ya katibu wa elimu James Kay-Shuttleworth. Kabla ya hapo, shule nyingi za vijijini zilikuwa za kubahatisha. Palikuwa na vikongwe waliokusanya watoto jikoni mwao kwa ada ya peni chache, na palikuwa na shule za madhehebu, hasa zile za Jumuiya ya Kitaifa ya Kanisa la Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1811, ambamo mwalimu mmoja aliwatumia watoto wakubwa kuwafundisha wadogo. Bunge lilikuwa limeanza kutoa ruzuku ya ujenzi wa shule mwaka 1833, nayo ilikuwa pauni 20,000 tu. Utaratibu wa 1846 ulileta kitu kipya: mwalimu mwanagenzi. Mtoto wa kiume au wa kike aliyetimiza miaka 13, akifaulu mtihani wa mkaguzi, alifungwa mkataba wa miaka mitano katika shule yake. Serikali ilimlipa pauni 10 mwaka wa kwanza, na malipo yakaongezeka kila mwaka hadi kufika pauni 20 mwaka wa tano. Alifundisha mchana kutwa, kisha mwalimu mkuu akamfundisha yeye kwa saa moja na nusu, siku tano za wiki, kabla ya shule kufunguliwa au baada ya watoto kuondoka.

Hapa familia inaingia kwa namna ambayo mara nyingi inasahaulika. Kanuni haikumchunguza mtoto peke yake. Wasimamizi wa shule walitakiwa kuthibitisha mwenendo wa familia yake pia, na kama nyumba ya wazazi ilionekana haifai, mtoto alipaswa kupangishiwa katika nyumba iliyokubalika. Baba mlevi au nyumba yenye sifa mbaya ingeweza kumfungia binti mlango hata kama alikuwa na akili nyingi kuliko wote darasani. Wazazi nao walikuwa na lao la kusema. Januari 1868 kitabu cha kumbukumbu cha shule ya Puddletown kiliandikwa kwamba mwalimu mwanagenzi amekemewa kwa kuzembea kazi, na kwamba wazazi wake wamekasirika sana na wameazimia kumwondoa. Waandishi wa maisha ya Hardy wamelihusisha tukio hilo na Tryphena, aliyekuwa na miaka 16. Tryphena aliendelea na ualimu, lakini ule mstari mfupi unaonyesha kitu muhimu: mkataba ulikuwa kati ya shule na nyumba nzima, na nyumba nzima iliweza kuhisi imetukanwa.

Mwisho wa miaka mitano palikuwa na mtihani wa ufadhili wa Malkia, na aliyefaulu alisaidiwa gharama za chuo kwa miaka miwili. Chuo cha Whitelands huko Chelsea na chuo cha Salisbury, vyote vya wanawake, vilianzishwa mwaka 1841 chini ya Kanisa la Uingereza. Tryphena alikwenda Stockwell, London, chuo kisichofungamana na kanisa hilo, na kusoma huko miaka ya 1870 na 1871. Mary aliingia Salisbury mwaka 1860, akisindikizwa na kaka yake, na Kate akamfuata mwaka 1877. Chuo hicho kilikuwa katika jumba la kale ndani ya ua wa kanisa kuu la Salisbury, mahali penye uzuri wa kupendeza macho na nidhamu ya kuchosha roho.

Maisha katika vyuo vya wanawake yalijengwa juu ya hofu moja ya watu wa tabaka la juu: kwamba binti wa fundi akisoma sana ataota mapembe. Kwa hiyo wanafunzi walisugua sakafu, walifua, walisaidia jikoni na kutandika vitanda, na kazi hizo zilitetewa kwa kusema kwamba zinawafundisha unyenyekevu na zinawaandaa kuendesha nyumba ndogo ya shule. Zilikuwa pia njia rahisi ya kupunguza gharama za watumishi. Mavazi yalidhibitiwa, barua na wageni vikachunguzwa, na matembezi yakafanywa kwa makundi. Kate hakuficha kamwe kwamba alitendewa vibaya pale, na kaka yake alikitumia chuo hicho katika riwaya yake iliyotoka 1895 kuwa mfano wa mahali panapombana msichana mwenye akili huru. Nadhani tunapaswa kuusikiliza uchungu huo wa Kate kwa makini, maana taarifa za wakaguzi na wakuu wa vyuo zimejaa sifa za usafi na utaratibu, na humo hakuna sauti ya msichana aliyekuwa akisugua ngazi.

Aliyehitimu hakupewa cheti chake papo hapo. Ilimbidi afundishe shule moja kwa miaka miwili na kupata taarifa nzuri za mkaguzi kabla ya kukabidhiwa cheti hicho cha ngozi kilichoandikwa jina lake. Hebu fikiria alivyokuwa: ana miaka 21, yuko mbali na kwao, na hawezi kuondoka hata kijiji kikimshinda.

Sasa tuje kwenye shule yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapotatanisha zaidi. Mwalimu wa kijijini alikuwa na mabwana wangapi? Wa kwanza alikuwa kasisi wa parokia, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeongoza wasimamizi wa shule, aliyemwajiri, na aliyeweza kumwachisha kazi. Wa pili alikuwa mwenye ardhi kubwa ya kijiji au mke wake, ambaye pengine ndiye aliyejenga shule. Shule ya Lower Bockhampton aliyoanzia Thomas Hardy ilifunguliwa mwaka 1848 kwa juhudi za Julia Augusta Martin, bibi wa jumba kubwa la Kingston Maurward. Wa tatu walikuwa wazazi, waliolipa ada ya kila wiki, peni moja au mbili hivi kwa mtoto, na ambao wangeweza kumtoa mtoto kwa hasira wakati wowote hadi sheria ya mwaka 1880 ilipolazimisha watoto wa miaka 5 hadi 10 kusoma. Wa nne, aliyekuja mara moja kwa mwaka lakini akaogopwa mwaka mzima, alikuwa mkaguzi wa Malkia.

Hofu ya mkaguzi ilipata sura ya fedha mwaka 1862, kupitia kanuni mpya ya Robert Lowe, aliyesimamia elimu serikalini, ambayo watu waliifahamu kama malipo kwa matokeo. Shule ilipata shilingi 4 kwa kila mtoto kulingana na wastani wa mahudhurio. Kisha kwa kila mtoto aliyezidi miaka sita na aliyehudhuria zaidi ya mara 200, ilipata shilingi 8 nyingine iwapo alifaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Akianguka somo moja, shilingi 2 na peni 8 zinakatwa. Shule yenye watoto 40 wa umri huo, wote wakihudhuria na kufaulu kila kitu, ingepata pauni 24. Watoto kumi wakishindwa hesabu, pauni moja na zaidi inapotea. Na kwa kuwa wasimamizi wengi waliufunga mshahara wa mwalimu na ruzuku hiyo, kamba ilikatikia kwake.

Watoto walipangwa katika madaraja sita ya mtihani, ule mgawanyo wa standadi ambao baadaye ulivuka bahari hadi shule za kikoloni za Afrika Mashariki. Wa daraja la kwanza alitakiwa kusoma hadithi yenye maneno mafupi ya silabi moja, kuandika kwenye kibao herufi alizotajiwa, na kujumlisha na kutoa hadi kumi. Wa daraja la sita alitakiwa kusoma aya fupi ya gazeti, kuandika nyingine kwa imla, na kukokotoa hati ya bei za bidhaa. Mwalimu mmoja, pengine akisaidiwa na mwanagenzi na msichana mwingine wa miaka kumi na miwili, aliyafundisha madaraja yote hayo katika chumba kimoja chenye jiko la makaa upande mmoja na baridi upande wa pili. Mchana wasichana walishona. Ushonaji ulikuwa sharti la ruzuku, na vipande vya vitambaa vyenye vifungo, pindo na viraka viliwekwa mezani ili vikaguliwe, huku wavulana wakipata muda wa ziada wa hesabu. Kwa hiyo binti aliyefundishwa na mwanamke mwenye cheti cha serikali bado alijifunza hesabu kidogo kuliko kaka yake, na mwalimu wake ndiye aliyelazimika kusimamia pengo hilo.

Kanuni hiyohiyo iliagiza kila shule iwe na kitabu cha kumbukumbu, kiandikwe angalau mara moja kwa wiki, kiseme yaliyotokea, na kisiwe na maoni ya jumla. Vitabu hivyo vimebaki kwa wingi katika hifadhi za mikoa, na anayevisoma anaona mwaka wa kijiji ukizunguka: Februari wapo wachache kwa sababu ya theluji na viatu vibovu, Juni wamekwenda kukusanya nyasi za mifugo, Agosti na Septemba ni mavuno, Oktoba wanaokota viazi na mbegu za mwaloni. Katikati ya hayo vinaingia surua, kifaduro na homa ya vipele vyekundu, na shule inafungwa kwa wiki kadhaa. Anatajwa bibi wa kasisi aliyekuja kutazama ushonaji, na kasisi mwenyewe aliyekuja kufundisha maandiko. Mwalimu hatajwi. Ugonjwa wake unaingia pale tu unapofunga shule, na kifo cha mama yake kinaonekana kama ruhusa ya siku mbili. Kwa mtafiti wa familia hili ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa aliyekiandika kitabu hicho kwa miaka ishirini ndiye tunayemfahamu kidogo kuliko wote.

Mshahara wake ulikuwa takriban theluthi mbili ya ule wa mwanamume mwenye cheti kama chake, na mara nyingine chini ya hapo. Juu yake aliongezewa nyumba, na pengine makaa. Nyumba ya shule ilikuwa imeshikana na darasa, mara nyingi kukiwa na mlango mmoja tu katikati, vyumba viwili chini na viwili juu. Ilikuwa malipo na wakati huohuo ilikuwa kifungo, kwa sababu kila aliyemtembelea alionekana na kijiji kizima. Isitoshe, wasimamizi wengi walimtaka afundishe pia shule ya Jumapili, aongoze kwaya na apige kinanda, yote hayo bila malipo ya ziada, kama tulivyoona kwa Mary. Chama cha kitaifa cha walimu kilichoanzishwa mwaka 1870 kilipigania kwa miaka mingi kuondoa kazi hizo za nyongeza za lazima, na walioteseka zaidi nazo walikuwa walimu wa vijijini.

Ndani ya nyumba hiyo waliishi akina nani? Picha iliyozoeleka ni ya mwanamke mseja anayekunywa chai peke yake. Wapo walioishi hivyo, lakini mara nyingi alikuwapo mtu mwingine: mama mjane, mdogo wa kike, mpwa, au msichana mwanagenzi aliyepangishwa hapo. Hili lilikuwa na sababu zaidi ya moja. Kasisi alipendelea binti wa miaka 21 asikae peke yake. Ndugu mdogo alipata shule na chakula, na nyumbani pakawa na mdomo mmoja pungufu. Tena mdogo huyo alipokua, alikuwa tayari anaijua kazi kwa sababu amekulia ndani yake. Kate hakuuona ualimu kwa mara ya kwanza alipofika Salisbury. Aliuona Denchworth, dada yake alipokuwa akifunga daftari la mahudhurio jioni. Baadaye alishika shule ya kijiji cha Sandford Orcas, kaskazini mwa Dorset, kisha akafundisha pamoja na Mary mjini Dorchester, ambako Mary aliongoza shule ya kanisa ya wasichana. Hivyo ndivyo ualimu ulivyogeuka kazi ya ukoo ndani ya kizazi kimoja, pasipo mtu yeyote kuurithisha kwa wosia.

Suala la ndoa ndilo limefunikwa na dhana potofu nyingi kuliko mengine. Wengi huamini kwamba sheria ilimkataza mwalimu wa kike wa zama za Victoria kuolewa. Haikuwapo sheria ya nchi ya namna hiyo. Marufuku ya walimu walioolewa iliwekwa na mamlaka za mahali kwa mahali, na ilienea hasa katika karne ya 20, ikashika kasi miaka ya 1920. Vijijini, kinyume chake, wasimamizi wengi walitafuta mume na mke: mume aongoze shule, mke afundishe ushonaji na watoto wadogo, na wote wawili wakae katika nyumba moja. Kwa wasimamizi hiyo ilikuwa nafuu, maana walipata walimu wawili kwa mshahara uliozidi kidogo wa mmoja, na binti yao mkubwa akiongezwa kama msaidizi, wakapata wa tatu. Hadi sheria ya mali za wanawake walioolewa ya mwaka 1870, ujira wa mke kwa mujibu wa sheria ulikuwa wa mumewe. Wako wanawake waliofundisha maisha yao yote ya ndoa, wakazaa na kulea ng'ambo ya ule mlango wa darasa, na kazi yao ikahesabiwa kuwa msaada kwa mume.

Kwa aliyekuwa mseja na mwenye shule yake mwenyewe, hali ilikuwa nyingine. Akiolewa na mtu asiye mwalimu, nyumba ya shule haikumfaa mume, na wasimamizi walitazamia aondoke. Zaidi ya hapo, aolewe na nani? Kibarua wa shambani alionekana yuko chini yake. Mtoto wa mkulima mkubwa na ndugu wa kasisi walimwona yeye yuko chini yao. Alivaa vizuri kuliko wanakijiji na aliongea kwa lafudhi ya kitabuni, lakini alipoalikwa kwa kasisi, mara nyingi ilikuwa kwa chai ya watoto na si kwa chakula cha jioni. Waliobaki kuwa wachumba walikuwa walimu wenzake, wenye maduka, mafundi na makarani, watu wa tabaka alilotoka. Palifanyika jaribio la kulibadili hili kutoka juu: mwaka 1873 chuo cha Bishop Otter huko Chichester kilifunguliwa upya, kwa msukumo wa Louisa Hubbard, mtetezi wa ajira za wanawake, ili kuwaandaa mabinti wa tabaka la kati kwa shule za msingi. Walioitikia walikuwa wachache ukilinganisha na jeshi kubwa la mabinti wa mafundi.

Tryphena alichukua uamuzi wa wengi. Januari 1872, akiwa na miaka 20, alikuwa amepewa uongozi wa idara ya wasichana katika shule moja kubwa ya Plymouth, nafasi ambayo shule ya kijiji isingempatia. Alifundisha kwa takriban miaka sita. Desemba 1877 aliolewa na Charles Gale, mwenye baa huko Topsham, akaacha ualimu, akazaa watoto wanne, na akafariki Machi 1890 akiwa hajatimiza miaka 39. Miaka mitano ya unagenzi, miwili ya chuo na sita ya uongozi vilimalizika kwa ndoa. Serikali ililalamikia mara kwa mara upotevu wa fedha zilizotumika kuwafunza wanawake waliokwenda kuolewa. Mimi naona lawama hiyo ilielekezwa pasipostahili, kwa kuwa utaratibu wenyewe, na nyumba yake ya vyumba vinne, haukumwachia mwanamke nafasi ya kuwa mwalimu mkuu na mke wa mtu wa kazi nyingine kwa wakati mmoja.

Pengo lililoachwa na wanaoondoka lilizibwa kwa bei rahisi. Kadiri sheria ilivyowaingiza watoto wote shuleni, na hasa ada ilipofutwa katika shule nyingi mwaka 1891, ndivyo wanawake walivyoongezeka, hadi mwisho wa utawala wa Victoria wakawa karibu robo tatu ya walimu wa shule za msingi. Kanuni ya mwaka 1890, katika kifungu cha 68, iliruhusu kuajiriwa kwa mwanamke yeyote aliyezidi miaka 18 ambaye mkaguzi ameridhika naye, na sifa pekee nyingine iliyotamkwa wazi ilikuwa awe amechanjwa ndui. Shule za vijijini ndizo zilizowakimbilia. Mara nyingi aliyeajiriwa hivyo alikuwa binti wa mwalimu mkuu, mpwa wake, au msichana wa kijijini aliyesoma hapohapo, na mwanamke mwenye cheti akajikuta akimfundisha msaidizi wake kazi, kama alivyofundishwa yeye, ila sasa bila mkataba na bila chuo mbele ya safari.

Uzee ndio uliopima familia kwa ukali zaidi. Utaratibu wa 1846 ulikuwa umewapa walimu matumaini ya pensheni. Kanuni ya 1862 ikayafuta. Sheria ya pensheni kwa walimu wa shule za msingi ilipitishwa mwaka 1898, na ilimtaka mwalimu kufika miaka 65. Katikati ya tarehe hizo, mwalimu wa kijijini aliyechoka alipoteza mshahara na nyumba kwa siku moja, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya anayemrithi. Alichokuwa nacho ni akiba ndogo na ndugu zake. Waliokuwa wamewalea wadogo zao katika nyumba ya shule walikuwa na pa kubisha hodi; wengine walifundisha wakiwa wagonjwa, huku mkaguzi akiandika kwamba nidhamu imelegea.

Katika ukoo wa Hardy, inasimuliwa kwamba Jemima aliwaasa watoto wake wasioe wala kuolewa, bali waishi wawili wawili, kaka na dada. Thomas hakulifuata neno hilo. Henry, kaka aliyerithi uashi wa baba, alibaki mseja, na Mary na Kate hawakuolewa. Walipoacha kufundisha, hatimaye waliishi na Henry katika nyumba ya Talbothays aliyoijenga West Stafford, si mbali na walikozaliwa. Mary, aliyependa kuchora na aliyeacha picha ya rangi ya mama yake, alifariki huko Novemba 1915. Kate aliishi hadi 1940. Nyumba ile ilitokana na mikono ya mwashi na mali ya familia iliyokuwa imejijenga taratibu kwa vizazi viwili. Mshahara wa walimu wawili wa kike, hata ukiwekwa akiba kwa maisha yao yote ya kazi, usingeweza kuijenga.